Kwa Mrushaji Wangu, Aliyeniomba Nisiseme

Ombeni, mwanangu,

Kama unaisoma barua hii, basi umeshajua kwamba mama yako hakukutii. Imo kwenye karatasi ya jumuiya yetu, ile inayogawiwa baada ya misa ya Kiswahili, na najua Tonton Balthazar ataipiga picha na kuitupa kwenye grupu la WhatsApp kabla watu hawajamaliza chai. Kaka yangu huyo hajawahi kukaa na neno tumboni. Usikasirike kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kukasirika tutakasirikiana vizuri.

Ulinipigia asubuhi nikiwa kwenye basi, naenda mtaa wa Evere kumwogesha yule bibi kizee ninayemhudumia. Nilijua kuna jambo, kwa sababu wewe hupigi simu asubuhi. Ukasema: “Maman, baliniacha. Contrat ilikwisha. Usiambie muntu, tafazali. Nitarudi wakati niko na kintu ya kuleta.” Nikakuuliza kama umekula. Ukasema ndiyo, ukakata. Nilishuka kwenye kituo kisicho changu nikamalizia safari kwa miguu, na bibi akalalamika kwamba nimechelewa na kahawa yake imepoa.

Tangu siku hiyo unanijibu “Ça va” tu, yaani niko salama, kama mtu anayelipia maneno. Najua unalala kwa rafiki yako wa timu, na kwamba unapanga maboksi kwenye ghala la watu katika mji ambao hata jina lake silitamki vizuri. Huku nyumbani kila mtu aliendelea kuamini kwamba bado unarusha mpira. Nikienda kusukwa Matonge, kwenye saluni za watu wetu, swali la kwanza lilikuwa mtoto wa America yuko je. Nilikuwa najibu, “Tunashukuru Mungu.” Si uongo, sisi tunamshukuru Mungu hata kwa mvua ya Novemba. Lakini nilichoka kulisema kila mahali huku moyo uko kwingine.

Nataka urudi nyumbani, Ombeni. Ndilo ninalolitaka kwenye barua hii yote. Mengine ni maneno ya mama aliyemkumbuka mtoto wake, na hayo utanivumilia.

Unakumbuka ulivyoingia kwenye mchezo huu? Ilikuwa likizo ya Pasaka, na mimi nilikuwa nafanya usafi ofisini asubuhi na jioni. Nilichelewa kukuandikisha kwenye zile stage, kambi za michezo za watoto za likizo. Nilipofika dirishani, mpira wa miguu ulikuwa umejaa, complet, kuogelea complet, hata kucheza ngoma complet. Yule madame akaniambia imebaki besiboli, upande wa Evere, na huko nafasi ni nyingi. Bila shaka zilikuwa nyingi. Nani mtaani kwetu Anderlecht alikuwa anajua besiboli ni kitu gani? Ulilia metro nzima. Ukaniambia, “Maman, ile haiko mupira.” Nikakujibu kwamba ni ya mviringo na inarushwa, basi ni mpira, na ukiendelea kulia utabaki nyumbani kuchambua maharage. Jioni ulirudi na udongo mpaka masikioni. Ulikataa kuoga kwa sababu ulitaka mkono wako uendelee kunuka ngozi ya ile glavu waliyokuazima.

Kuanzia hapo sikupata tena raha kwenye nyumba yangu. Ulikunja soksi zote ukawa unazirusha toka jikoni hadi kwenye kapu la nguo chafu mwisho wa korido, na ukikosa unarudia, na ukipata unarudia vilevile. Jirani wa chini akawa anagonga dari yake kwa fagio. Nikakuteremsha kwenye cave, stoo ya chini ya jengo, ukachora mraba kwa chaki ukutani, ukaupiga mraba huo mpira mpaka chaki ikafutika. Nilikugombeza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na siku moja kwa Kimashi, lugha ya mama yangu ninayoitunza kwa ajili ya hasira kubwa. Ulinisikiliza kwa adabu zote, kisha ukashuka tena.

Nilichelewa kuelewa mchezo wenyewe. Monsieur Koen, kocha wako, ndiye aliyekuja kukaa karibu nami kwenye zile mbao za watazamaji akanieleza taratibu. Alisema pale katikati ya uwanja kuna kichuguu cha udongo, na anayesimama juu yake ndiye mrushaji. Mwenye gongo anasubiri, mdakaji amechuchumaa anasubiri, wote uwanjani wanasubiri. Mpaka mrushaji arushe, hakuna kinachoanza. Akanyoosha kidole kwako. Mimi nilikuwa namjua mtoto ambaye darasani hakunyanyua mkono kamwe, kwa sababu wenzake walikicheka Kifaransa chake. Sasa watu wazima walikuwa wamekaa kimya wakimngojea aanze. Nililia, Ombeni. Monsieur Koen akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia ni vumbi la maua.

Na vita vyetu vya barafu, unavikumbuka? Ulikuwa unarudi toka mazoezini na mfuko wa barafu umefungwa begani kwa plastiki, unatiririsha maji mpaka kwenye lifti. Mimi nimekulia Bukavu. Kwetu kiungo kikiuma kinakandwa kwa kitambaa na maji ya moto, na anayemwekea mtoto barafu anaitwa mchawi. Ulinieleza maneno ya kocha, nikakuambia kocha hakukuzaa. Mwishowe tukapatana: barafu ilikuwa ya kocha, ikishayeyuka mkono unakuwa wangu. Ulikuwa unakaa sakafuni mbele ya kiti changu na mimi nakukanda bega, tunatazama habari. Hapo ndipo ulipokuwa unanisimulia mambo yako. Mtu hawezi kuficha kitu akiwa anakandwa. Nadhani kama ningekuwa na bega lako hapa leo, ningekuwa nimeshajua kila kitu.

Lakini kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote ni ile siku tuliyokwenda kukuombea msamaha.

Ulikuwa kijana mdogo na walikupandisha timu ya wakubwa kwa mara ya kwanza. Tulikuja wengi: mimi, Tonton Balthazar na koti lake la harusi, Maman Faida wa kwaya na nusu ya wenzake, sambusa, pondu ya majani ya muhogo, na jagi la tangawizi. Ulirusha vizuri, hata sisi tusiojua tuliona. Mara Monsieur Koen akatoka kwenye benchi, akatembea polepole mpaka kwenye kichuguu, akanyoosha mkono, akakunyang'anya mpira mbele ya umati. Ukaondoka umeinamisha kichwa, mwingine akachukua nafasi yako. Tonton akaniinamia akauliza, “Mutoto alimutukana mukubwa?”

Nani angefikiri kitu kingine? Kwetu mtoto akifukuzwa hadharani amekosa adabu, na mzazi hangoji kuitwa. Anavaa, anachukua ndugu mwenye maneno mazuri, anakwenda na kitu mkononi. Kesho yake tulikuwa kwenye tramu: Tonton kafunga tai, mimi liputa, kitenge changu cha Pasaka, kuku wa kukaanga kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, na wewe katikati na shati ulilokuwa hutaki kulivaa. Ulijaribu kutueleza njiani. Tonton akakukata: “Bakubwa bakisema, mutoto anasikiliza.” Ukageukia dirisha. Nilidhani ni aibu ya kosa lako, kumbe ilikuwa aibu yetu.

Monsieur Koen alitufungulia mlango amevaa kandambili, mikono ina majani. Alikuwa anakata nyasi. Tonton akasimama palepale kwenye kibaraza akatoa hotuba kwa Kifaransa chake cha seminari, jinsi baba yako tulivyomzika Bukavu, jinsi tulivyofika na begi moja, jinsi nilivyokulea peke yangu, na kwamba kama kuna neno baya lililotoka kinywani mwako, familia nzima inalibeba. Mke wa kocha alitoka, akasikia, akarudi ndani haraka na mkono mdomoni. Monsieur Koen hakucheka. Alingoja Tonton amalize, na wewe unajua Tonton kumaliza kwake ni nini. Kisha akaniangalia mimi, si Tonton, akasema: “Maman, hakufanya kosa lolote. Mkono wake ulikuwa umechoka. Nilimtoa kwa sababu nataka arushe tena wiki ijayo.”

Tukatazamana mimi na Tonton. Kuku akafunguliwa. Tulikula pale bustanini na wewe ulikula mapaja mawili, halafu ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukatoka machozi, na sote tukakufuata. Toka hapo kila mrushaji akitolewa uwanjani, hata wa timu pinzani, Tonton anasimama kumpigia makofi. Wazungu wanamgeukia wanafikiri ni mjuzi.

Ukaenda Uholanzi, klabu ikaanza kukulipa, na ule mchezo ukawa kazi kweli. Kisha wakaja wale wa America na mkataba. Unajua ulivyoagwa. Tulijaa kwenye ule ukumbi wa Anderlecht, na padri alipomaliza kubariki, Maman Faida akasema sala ya jumla haitoshi, iende mahali penyewe. Ukakunja shati. Mama wote wa kwaya wakapanga mstari, kila mmoja akauwekea mkono wako wa kulia mkono wake, toka begani hadi vidoleni, akasema neno lake. Wewe ulisimama umefumba macho, mrefu kuliko wote. Maman Faida alirudi mara ya pili kwenye mstari. Alisema mara ya kwanza kiwiko kilisahaulika.

Basi ni kiwiko hichohicho kilichokuja kupasuliwa. Aliposikia, Maman Faida alikuja kwangu analia, anauliza kama labda yeye ndiye hakuomba sawasawa. Nilimpa chai. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ulikuwa na mazito ya kutosha.

Miaka yako ya America mimi niliiishi asubuhi, kwenye simu, na kikombe mkononi, natazama mechi iliyochezwa wakati sisi tumelala. Ligi zile ndogo, mnazunguka kwa basi toka mji hadi mji mkisubiri kuitwa huko juu, kwenye ligi kubwa. Sikuelewa namba zilizokuwa zinaandikwa chini ya picha. Mimi nilikuwa naangalia mabega yako. Yakiwa chini, najua umelala vizuri. Yakipanda kuelekea masikio, najua una woga. Baada ya upasuaji ulirudi uwanjani na nikaona mabega yamepanda na hayashuki tena, mechi baada ya mechi. Sikuwa na haja ya simu yako ya asubuhi. Habari yake nilikuwa naijua kabla yako.

Sasa sikiliza. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Monsieur Koen alikutoa ili urushe tena. Hawa wa America wamekutoa kwa sababu mpira wako umepungua kasi na wanao vijana wenye viwiko vipya. Inauma, na sitaki kuiita baraka. Nimesikia watu wakiita kila msiba baraka mpaka neno lenyewe limechakaa. Nimekulilia. Nimelia bafuni kwa yule bibi wa Evere, naye akaniuliza kwa nini, nikamweleza, akasema mume wake alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano na alipoacha hakuzungumza majira yote ya baridi. Nikamuuliza baadaye ilikuwaje. Akasema baadaye alizungumza.

Najua kinachokufunga. Unaukumbuka ule mstari wa mama wa kwaya na unadhani mkono huo ni mali ya watu wote, na sasa umewaharibia. Ndiyo maana unataka kufa na tai shingoni huko ugenini, upange maboksi mpaka upate kitu cha kuja nacho ili kiseme kwa niaba yako. Wewe ni mtoto wa kwetu, nakuelewa. Tumewaona waliorudi na masanduku matatu na tumewaona waliorudi na mfuko wa plastiki, na tumesikia walivyozungumzwa, wa pili hasa. Hata wahenga hawakukusaidia, wao ndio waliosema mkono mtupu haulambwi.

Lakini mimi, Ombeni, niliulamba mkono huo ukiwa mtupu. Ndiyo kwanza umezaliwa, mvua inanyesha juu ya bati, na ngumi yako ilikuwa imefungwa, haijashika chochote. Niliibusu ngumi ile kidole kwa kidole mpaka ikafunguka. Sikuwa najua kuna mchezo unaitwa besiboli. Sikukuzaa ukiwa mrushaji, na ulivyoacha kuwa mrushaji hujanipungukia hata kidogo.

Sina kazi ya kukupa huku. Nisikudanganye kwa hilo pia. Kitanda chako nimekijaza nguo za kupiga pasi, nitaziondoa. Utakaa bila kusema, kama mume wa yule bibi, na mimi nitakuacha ukae, ila utakula. Utaamka siku nyingine utadhani una mazoezi, kisha utakumbuka, na itauma tena. Nataka siku hizo ziwe nyumbani kwangu, siyo kwenye kochi la watu. Nikuone mabega yako kwa macho yangu, siyo kwenye simu.

Uliniomba nisiambie mtu. Nilijaribu, mwanangu. Lakini kila nilipojibu “tunashukuru Mungu” nilikuwa nakufungia mlango mwenyewe, kwa sababu ungejua watu wanamngojea mwenye ushindi, na wewe usingekuja kamwe. Nikaona ni heri maneno yatoke kwangu, yachoke kabla hujafika.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, niliomba dakika. Nilikwenda mbele. Nilisema kwa maneno yetu: “Mutoto yangu Ombeni, balimuacha kule America. Mupira ulikwisha. Hana kintu ya kuletea muntu. Miye namutaka vile vile.”

Tonton aliinama anatazama viatu vyake. Nilingoja ile “pole” ya midomoni, ile inayosemwa huku macho yanatafuta mwenzake wa kumweleza nje mlangoni. Kisha kwenye safu za kwaya Maman Faida akasimama, mkono kiunoni kama kawaida yake. Hakusema pole. Hakuuliza mkono, hakuuliza mkataba, hakuuliza America. Aliuliza, “Atafika siku gani?”

Wote wakageuka kuniangalia. Niliwaambia nitakuuliza wewe.

Ni mimi,
Mama yako